Je, msimamo kuhusu ndoa za jinsia moja unahamisha kura? Jibu kwa kijana wa Makambako

Swali: "Kamwene mwalimu. Baba yangu mdogo anajiandaa kuomba ubunge na mimi ni mmoja wa vijana wanaomsaidia. Kwenye kikao chetu mzee mmoja ametoa wazo. Mshindani wetu mkubwa aliwahi kufanya kazi kwenye shirika la haki za binadamu lenye wafadhili wa Ulaya. Tukipitisha neno kwamba anaunga mkono ndoa za jinsia moja, basi amekwisha. Baba mdogo anasita, anasema watu wanataka mbolea. Mzee anajibu kwamba hata Marekani wanasiasa wamepanda na kushuka kwa jambo hilohilo. Nani yuko sahihi? Na huko nje ushahidi unasemaje?"

Kamwene, kijana wangu. Baba yako mdogo yuko karibu zaidi na ukweli, ingawa mzee naye hajabuni kila kitu. Yapo mazingira ambayo jambo hili lilihamisha kura, na kura nyingi. Shida ni kwamba mazingira hayo hayafanani na jimbo lenu, na mahali lilipofanya kazi kwelikweli si pale mzee anapopadhania.

Mnachanganya maswali mawili. Swali la kwanza ni watu wangapi wanaupinga msimamo fulani. La pili ni wangapi kati yao wako tayari kumwacha mgombea waliyekuwa wamempenda kwa sababu ya msimamo huo. Kwa swali la kwanza jibu la Afrika linajulikana. Afrobarometer, shirika la utafiti wa maoni, walipouliza watu wa nchi 33 za bara hili mwaka 2014 na 2015, asilimia 78 walisema wasingependa kuwa na jirani anayefanya mapenzi ya jinsia moja. Kwetu sheria nayo haina mjadala: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 9, inasema ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, na Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 154, inatoa adhabu inayofika kifungo cha maisha. Chama chenye uzito kinachopita Njombe au Rungwe kikiahidi kubadili vifungu hivyo hakipo.

Sasa hapo ndipo hesabu ya mzee inapoanza kupinda. Mwaka 1963 mtaalamu wa siasa wa Marekani, Donald Stokes, aliyagawa masuala ya uchaguzi mafungu mawili. Kuna yale ambayo wapiga kura wamegawanyika, hawa huku na wale kule, na mgombea akichagua upande anapata na kupoteza. Halafu kuna yale ambayo karibu wote wako upande mmoja, kama rushwa: hakuna anayesimama jukwaani kuitetea. Katika fungu la pili kutamka msimamo hakukupi kitu, kwa sababu mwenzako atatamka huohuo dakika tano baadaye. Anachopima mpiga kura pale ni nani ananukia jambo lile, nani ana sura ya kuaminika. Kwa hiyo kwetu suala hili haliwezi kuwa ahadi ya kampeni. Likiingia linaingia kama tuhuma tu, na mzee wako, pengine bila kusoma Stokes, amelielewa hilo. Tutarudi kwake.

Tuanze na Marekani, kwa kuwa ndiyo hoja yake.

Novemba 2004 majimbo 11 ya Marekani yalipiga kura ya maoni ya kuzuia ndoa za jinsia moja katika katiba zao, siku ileile ya uchaguzi wa rais. Jimbo la Massachusetts lilikuwa limeanza kuzifungisha mwezi Mei mwaka huo, kwa amri ya mahakama, na nchi ilikuwa imechemka. Makatazo yalipita kote 11. Kule Ohio yalipita kwa takriban asilimia 62, na George W. Bush akalichukua jimbo lile kwa kura zipatazo 118,000 na pamoja nalo urais. Kesho yake kila mchambuzi alikuwa na hadithi moja: ndoa ndizo zilizomrudisha Bush. Mzee wako anaikumbuka hadithi hiyo, na hakuisikia peke yake.

Watafiti walipotulia na daftari waliuliza jambo rahisi sana: je, mahudhurio ya wapiga kura na kura za Bush ziliongezeka zaidi katika majimbo yenye kura ya maoni kuliko yale yasiyokuwa nayo? Mahudhurio yalikuwa yamepanda nchi nzima, kwenye kura ya maoni na pasipo na kura ya maoni, na tofauti iliyobaki haikutosha kubeba hadithi iliyosimuliwa. Vita vya Irak na hofu ya ugaidi vilikuwa vimeamsha watu kila mahali. Halafu tazama Michigan na Oregon. Wananchi wa majimbo hayo mawili walipitisha katazo, na kwa karatasi zilezile wakampa ushindi John Kerry, mpinzani wa Bush. Mamia ya maelfu ya watu walikataa ndoa zile upande mmoja wa karatasi na kumchagua mgombea wa chama kilichoonekana laini juu yake upande wa pili. (Kerry mwenyewe, isisahaulike, alisema hadharani kwamba anazipinga. Alikubali tu miungano ya kiraia. Haikumsaidia wala haikumwangusha kiasi kinachoonekana.)

Miaka minane baadaye kipimo kiligeuka. Barack Obama, aliyegombea mwaka 2008 akisema ndoa ni ya mume na mke, alitangaza Mei 9, 2012 kwamba sasa anaunga mkono ndoa za jinsia moja. Jana yake tu wapiga kura wa North Carolina walikuwa wamezikataa kwa takriban asilimia 61. Wengi walisema amejinyonga, hasa kwa waumini Weusi waliokuwa nguzo yake. Novemba akashinda. North Carolina aliipoteza, lakini ilikuwa jimbo la kubahatisha hata mwaka 2008 alipolipata kwa wembamba wa uzi. Kilichowashangaza watafiti kilitokea Maryland, jimbo lenye Weusi wengi. Baada ya tangazo lile, tafiti za maoni zilionyesha wapiga kura Weusi wakisogea kumfuata rais, na Novemba jimbo likapitisha ndoa hizo kwa kura ya wananchi. Yaani kwa sehemu ya watu, hawakumpima Obama kwa msimamo wao. Waliupima msimamo wao kwa Obama.

Hili la pili ndilo ambalo wagombea hawaliamini mpaka waonyeshwe. Watu wengi hawaanzi na orodha ya misimamo kisha wakatafuta mgombea anayelingana nayo. Wana chama, wana mtu wanayemwamini, wana ukoo na kanisa, na misimamo mingi inakuja ikifuata hapo. Ukimpa mtu karatasi yenye wagombea wawili wa kubuni, majina hewa, umri huu na dini hii na msimamo huu juu ya ndoa, msimamo ule utaonekana una nguvu kubwa, kwa kuwa hana kingine cha kushika. Mweke mtu huyohuyo kwenye uchaguzi wa kweli, wenye rangi za vyama na mbunge aliyemletea zahanati, na nguvu ile inayeyuka.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote kwa jambo hili ni wa Australia, mwaka 2017. Serikali iliwauliza wananchi kwa njia ya posta kama wanakubali ndoa za jinsia moja; asilimia 61.6 walikubali. Lakini majimbo ya magharibi mwa Sydney, yenye wahamiaji na waumini wengi, yalikataa vikali: Blaxland karibu asilimia 74, Watson karibu 70. Wabunge wa majimbo hayo mawili, wote wa chama cha Labor, waliunga mkono sheria ile, kinyume na waliowachagua. Uchaguzi wa 2019 ulipofika walirudishwa bungeni. Watu wao walikuwa wamesema hapana kwa sauti ya kutosha, na wakawapa kura vilevile, kwa sababu kule Labor ni chama cha mishahara na hospitali, na ndoa ni jambo jingine.

Uingereza ilikuwa hivyohivyo. Waziri Mkuu David Cameron alipeleka muswada mwaka 2013 na wabunge wengi zaidi wa chama chake mwenyewe wakapiga kura ya kuupinga kuliko walioukubali. Wanachama waliapa kumwadhibu. Mwaka 2015 akapata viti 331 na kuunda serikali peke yake. Argentina ilipitisha sheria Julai 2010, na Rais Cristina Fernández de Kirchner akachaguliwa tena Oktoba 2011 kwa asilimia 54. Taiwan ni kali zaidi: Novemba 2018 wapiga kura walizikataa ndoa hizo kwa asilimia zaidi ya 70, Mei 2019 serikali ya Rais Tsai Ing-wen ikapitisha sheria kufuatia uamuzi wa mahakama ya katiba, na Januari 2020 wapiga kura walewale wakamrudisha Tsai kwa asilimia 57. Mwaka ule Wataiwan walikuwa wanaitazama Hong Kong na China. Afrika Kusini, ambako wananchi wengi hawakulipenda jambo hili, ANC waliwapitisha wabunge wao kwenye sheria ya Novemba 2006 na mwaka 2009 wakapata karibu asilimia 66.

Lakini mzee wako asikate tamaa, kwa maana kuna mahali mbili jambo hili lilipouma, na nitakaa nazo kidogo.

Ya kwanza ni Costa Rica. Januari 9, 2018 mahakama ya haki za binadamu ya nchi za Amerika ilitoa maoni kwamba nchi wanachama zinapaswa kuruhusu ndoa za jinsia moja. Uchaguzi wa rais ulikuwa Februari 4, siku 26 tu mbele. Alikuwepo mgombea mmoja wa chama kidogo, Fabricio Alvarado, mhubiri na mwimbaji wa injili, ambaye hadi hapo hakuhesabiwa. Alisimama akasema Costa Rica ijitoe kwenye mahakama ile. Akaruka kutoka mkiani mpaka nafasi ya kwanza, karibu asilimia 25. Hapa hakuna ubishi, msimamo wake ulihamisha kura, na ulizihamisha ndani ya wiki nne. Tazama kilichowezesha: wagombea walikuwa 13 na hakuna aliyeaminika, habari ilianguka ghafla, nchi ilikuwa imegawanyika, na mgombea alikuwa na msimamo ambao wenzake hawakuuweka wazi kama yeye. Halafu duru ya pili, Aprili 1, wakabaki wawili, na mwenzake Carlos Alvarado, aliyeziunga mkono ndoa hizo, akashinda kwa zaidi ya asilimia 60. Suala lilimfikisha fainali na likamfungia humohumo, kwa sababu lilikuwa limewaamsha na wale wa upande wa pili.

Ya pili ni New York, na hii mzee wako aisome taratibu, maana inafanana na kwetu kuliko zote. Juni 2011 baraza la seneti la jimbo lilipitisha ndoa za jinsia moja kwa kura 33 dhidi ya 29. Kura zilizoamua zilitoka kwa maseneta wanne wa Republican walioasi chama chao. Matajiri waliounga mkono sheria wakawachangia fedha nyingi za kampeni. Ukifika mwaka 2012, mmoja hakugombea tena. Wa pili, Roy McDonald, aliangushwa katika mchujo wa chama. Wa tatu, Stephen Saland, alipita mchujo kwa tofauti ya kura zisizofika mia mbili, kisha mpinzani wake wa mchujo akabaki kwenye karatasi kwa tiketi ya chama kingine cha kihafidhina, akagawa kura, na kiti kikaenda kwa Democrat. Wa nne, Mark Grisanti, alipita mwaka ule na kuangushwa katika mchujo wa 2014.

Majimbo yao hayakuwa yameasi. Waliokasirika ni wanachama wachache wanaojitokeza kwenye mchujo, wanaosoma kila kitu na kukumbuka kila kura. Mpiga kura wa kawaida anasahau, mwanachama sugu hasahau. Iowa nako mwaka 2010 majaji watatu wa mahakama ya juu walioruhusu ndoa hizo walinyimwa kura za kuendelea na kazi, katika zoezi ambalo watu wengi huwa hawajishughulishi nalo. Miaka miwili baadaye, hasira zikiwa zimepoa na wapiga kura wa mwaka wa urais wakiwa wengi, jaji wa nne aliyekuwa kwenye hukumu ileile akabaki.

Sasa rudi nyumbani. Katika majimbo mengi ya Nyanda za Juu Kusini kura za maoni ndani ya CCM, yaani mchujo wetu, ndizo uchaguzi wenyewe, kinachofuata ni kuthibitisha. Nadhani unaukumbuka ule utani wa mwaka 2020 kwamba wajumbe si watu. Hawa ndio watazamaji wadogo ninaowasema. Neno linalopenyezwa kwao usiku, kutoka kwa katibu kata hadi kwa mwenyekiti wa tawi, lina nguvu ambayo halitakuwa nayo mkutanoni pale uwanjani. Ukiniuliza kama tuhuma ya mzee inaweza kufanya kazi popote, nitasema ni hapo, na kwa siku chache.

Hata hapo, usiweke dau kubwa. Mwanasiasa wa Tanzania aliyejitangaza kwa sauti kubwa kuliko wote juu ya suala hili ni Paul Makonda. Oktoba 2018, akiwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, alitangaza kikosi cha kuwasaka mashoga, dunia nzima ikamjua, na serikali ikalazimika kutoa taarifa kwamba yale ni maoni yake binafsi. Mwaka 2020 aliomba ubunge Kigamboni na wajumbe wa CCM wakampa kura nyingi zaidi Faustine Ndugulile. Sisemi walimkataa kwa sababu ya kampeni ile; nasema haikumbeba. Bernard Membe vilevile, akiwa Waziri wa Mambo ya Nje, alipata shangwe Novemba 2011 alipomjibu Cameron, aliyekuwa ametishia kupunguza misaada kwa nchi zinazokataza mapenzi ya jinsia moja. Mwaka 2015 aliomba kuteuliwa kugombea urais kupitia CCM, na jina lililotoka Dodoma lilikuwa la John Magufuli.

Kwa majirani ni hivyohivyo, na majirani hawa tunawajua, maana ukitoka Kyela ukavuka Mto Songwe pale Kasumulu uko Malawi. Joyce Banda, mwezi mmoja na kidogo baada ya kushika urais, alisema katika hotuba yake bungeni ya Mei 2012 kwamba atataka sheria zinazokataza mapenzi ya jinsia moja zifutwe. Kelele zikawa nyingi, akarudi nyuma kabla mwaka haujaisha. Mei 2014 akashika nafasi ya tatu. Mtu wa haraka atasema: umeona? Ila kati ya hotuba na uchaguzi kulikuwa na kashfa ya wizi wa fedha za serikali iliyofumuka Septemba 2013, wafadhili wakafunga mikoba, na kwacha ilikuwa imeshushwa thamani, ambayo mtu wa Karonga aliisikia kwenye bei ya sukari kabla hajasikia hotuba yoyote.

Ukitaka kipimo cha upande wa pili, nenda Nigeria. Goodluck Jonathan alisaini Januari 2014 sheria ya kuzuia ndoa za jinsia moja. Mwaka mmoja kabla, utafiti wa Pew ulikuwa umewakuta asilimia 98 ya Wanigeria wakisema jamii isiyakubali mapenzi hayo. Hakuna sheria unayoweza kuisaini ikawa na watu wengi zaidi nyuma yake. Machi 2015 Jonathan akashindwa na Muhammadu Buhari, na kuwa rais wa kwanza aliye madarakani kuondolewa kwa kura nchini mwake. Boko Haram na ufisadi vilimaliza habari. Ghana, Februari 2024, bunge lilipitisha muswada mkali kwa kuungwa mkono na vyama vyote viwili vikubwa, rais akakaa nao bila kusaini. Desemba chama chake kikapigwa vibaya; lakini Mghana aliyeona mfumuko wa bei ukivuka asilimia 50 mwishoni mwa 2022 hakuhitaji muswada kumwambia apige kura wapi. Zambia, ng'ambo tu ya Tunduma, mwaka 2011 upande wa MMD, chama tawala cha wakati ule, walimpakaza mpinzani wao Michael Sata kwamba ataruhusu ushoga. Sata alishinda, kwa asilimia 42 dhidi ya 35 au 36 za Rais Rupiah Banda. Alikuwa ameshika ajira na fedha mifukoni, na wachimbaji wa Copperbelt hawakutoka hapo.

Kwa hiyo nikiwaweka Joyce Banda, Jonathan na Sata meza moja, mmoja alikwenda kinyume na watu akashindwa, mwingine aliwapa walichotaka akashindwa, wa tatu alituhumiwa akashinda. Mwanafunzi akiniletea nadharia kwamba msimamo huu ndio unaoamua, nitamrudishia karatasi.

Sasa juu ya mpango wa mzee wenyewe, kwa kuwa nimekwambia nitarudi kwake.

Mlichoambiwa mfanye si kutangaza msimamo wa baba yako mdogo. Ni kumzushia mwenzenu msimamo ambao hajautamka. Kanuni za maadili ya uchaguzi, ambazo vyama vinazisaini, zinakataza kashfa na uzushi dhidi ya mgombea, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inahusu kila ujumbe utakaosukumwa kwenye makundi ya WhatsApp. Namba ya simu itakayokamatwa ni yako kijana, haitakuwa ya mzee. Kisha kuna watu wasiogombea chochote. Tuhuma ya namna hii ikishazagaa mtaani haimgusi mgombea tu. Inageuzwa kwa kinyozi, kwa mwalimu asiyeoa, kwa kijana anayevaa tofauti, na baadhi yao wanapigwa. Mimi hili silihesabu kuwa dogo, na sidhani baba yako mdogo analihesabu dogo, ndiyo maana anasita.

Kuna na jambo la kimkakati. Mshindani wenu akiwa na akili atajibu kwa sentensi moja. Atasimama na kusema sheria ya nchi inajulikana na kanisa langu linajulikana, kisha atauliza: hawa wenzangu wameshindwa kuwaambia nini kuhusu mbolea mpaka waje na habari hizi? Hapo mmempa jukwaa. Huku kwetu jibu hilo lina uzito kwa sababu makanisa yalishafunga mjadala zamani. Maaskofu wa KKKT walitoa tamko lao Dodoma Januari 2010, baada ya Kanisa la Sweden kuruhusu kufungisha ndoa hizo. Vatikani ilipotoa waraka wa baraka kwa wapenzi wa jinsia moja Desemba 2023, maaskofu Wakatoliki wa Malawi na Zambia waliukataa ndani ya siku chache. Mgombea anayeimba kwaya ya Moravian au anayekaa benchi la mbele usharikani ana ngao ambayo shirika alilofanyia kazi haliivui.

Na baba yako mdogo amesema mbolea. Mwache aseme mbolea, lakini aiseme kwa undani, maana kila mgombea atasema mbolea. Nilihudhuria mkutano wa kampeni kule Isyonje, kwenye viazi. Mgombea aliongea juu ya maadili ya taifa kwa muda mrefu, watu wakapiga makofi ya adabu. Ukafika wakati wa maswali, mama mmoja akasimama na khanga mabegani, baridi ile ya Uporoto, akauliza gunia la viazi litaendelea kushonewa kilemba mpaka lini, kwamba analipwa gunia moja na mnunuzi anaondoka na gunia moja na nusu. Lumbesa. Mgombea akajibu kwamba serikali inalifanyia kazi. Uwanja ukaguna, na ule mguno ungeuandika kwenye fomu ya matokeo.

Wananchi wakiulizwa na watafiti ni tatizo gani kubwa wanalotaka serikali ilitatue, Watanzania hutaja maji, afya, barabara, kilimo, ajira. Ndoa za watu wengine hazimo. Makambako ukiniuliza ningeanza na mizani ya lumbesa, mbolea ya ruzuku inayofika mahindi yakiwa yameshafika kiunoni, bei ya mbao na parachichi, na barabara ya kwenda Songea malori yanapoharibikia mlimani. Muulize baba mdogo: wakala wa mbolea wa kata yetu anaitwa nani, na mwaka jana alifunga duka tarehe ngapi? Akijua, apande jukwaani. Asipojua, nendeni mkaulize kabla ya kikao kijacho.

Akiulizwa hadharani kuhusu ndoa za jinsia moja, na ataulizwa, ajibu anachokiamini kwa sentensi mbili, bila kumtaja mshindani, bila kutukana mtu, kisha amwombe mwenye swali linalofuata asimame. Na mzee wenu mpeni kazi ya kuzunguka kwa wajumbe, kwa kuwa naona hao ndio anaowajua.